Kofia Tuliyopimia Asali

Nyie vijana mnaokuja kwangu mmoja mmoja, mnakaa, mnazunguka na habari za mvua, mwisho mnauliza, "Eti bibi, ni kweli ulikamatwa na mzinga?", leo nawajibu wote kwa pamoja. Nilisoma mpaka la nne tu, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Ila msome mpaka mwisho. Msiishie pale penye kuchekesha kama mlivyozoea kwenye simu zenu.

Magamba, nyumbani

Marehemu mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mrina asali, Mkonongo wa Inyonga. Zamani, nikiwa bado namnyonyesha Oresta, mtoto wangu wa kwanza, ndege ya jeshi ilianguka msituni huko, upande wa kuelekea mto Ugalla. Iliungua. Wanajeshi wakaja, wakaokota walichoweza kuokota, wakaondoka. Mabati yakabaki porini, na warina asali wakawa wanapita hapo kila msimu.

Mzee alichukua vitu viwili. Cha kwanza ni tangi refu la mafuta. Alilifanya mzinga, akalizungushia magome ili nyuki wasiungue na jua, akalitundika juu ya mti palepale. Cha pili ni kofia ngumu ya rubani. Ndani ilikuwa imeungua, akaikwangua, akaileta nyumbani. Tukaifanya kipimo cha asali. Mteja akifika mlangoni anasema, "Mama Oresta, nipe kofia mbili." Watoto wa nyumba hii walijua kofia ni kipimo kabla hawajajua kwamba inavaliwa kichwani.

Basi Neema, mtoto wa Oresta, akaona kwenye simu kwamba wako watu mjini wananunua vitu vya ndege zilizoanguka, wanaviweka sebuleni kwao wageni waangalie. Hakuniuliza. Akaichemsha kofia kwa sabuni, nta na masizi yote yakatoka, akaipiga picha nje na ndani, akaitupia mtandaoni. Akaandika na namba ya simu, na jina la msitu, ili wanunuzi waamini.

Mnunuzi alipatikana siku ileile. Lakini kabla hajafika, alipiga simu mwanamke, sauti ya mtu mzima kama mimi. Neema aliongea naye kwanza, kisha akanipa simu.

"Mama, hiyo kofia, kwa ndani, upande wa sikio, kuna samaki?"

Nikaichukua, nikaitazama juani. Kulikuwa na kitu kimechorwa kwa msumari. "Hamna samaki. Ni jani."

"Igeuze."

Nikaigeuza. Alikuwa samaki, na jicho lake, na mkia.

Nikasikia anavuta kiti. Kisha akasema yeye ni Leokadia, yuko Ukerewe, na huyo samaki alikuwa anachorwa na kaka yake, Deusi, rubani wa ndege ile, tangu utoto. Alichora kwenye jembe, kwenye kiatu, kwenye mlango wa baba yao mpaka akachapwa. "Tulizika sanduku," akasema. "Nilishika pembe moja mimi mwenyewe. Lilikuwa jepesi, mama. Nimekaa na wepesi ule mpaka leo."

Neema alikuwa amesimama nyuma yangu ananong'ona, "Bibi, yule wa mjini anakuja kesho, usimwahidi huyo."

Nikamwambia ina alama. Nyie wa siku hizi hamjui, nawaeleza. Kwa warina asali, mzinga unachongwa alama ya mwenyewe, na shina la mti uliobeba mzinga vilevile. Ya mzee ilikuwa mikato mitatu na duara. Ukikuta porini kitu kisicho na alama, ni chako. Chenye alama hukigusi, hata ukifa njaa chini yake. Mzee aliichukua kofia kwa sababu ilikuwa nyeusi tii, hakuona alama. Sasa alama imeonekana. Habari imekwisha.

"Bibi, lakini huyo mwenye alama amekufa."

"Dada yake amekufa?"

Neema akaondoka anavuta miguu.

Leokadia akasema atakuja. Nikamwambia aje Magamba nimkabidhi kofia yake, apumzike, arudi. Akakataa. "Sitaki kuipokea jikoni. Nataka nipokee pale alipoivua."

Mpanda mpaka Inyonga

Nilimpokea stendi ya Mpanda. Mwanamke mrefu, mwembamba, ana mkoba mmoja tu. Nikampeleka kula. Wakatuletea ugali na migebuka. Akamgeuza yule samaki huku na huku.

"Mama Oresta, huyu ndiye samaki wenu?"

"Huyo ametoka ziwa Tanganyika. Kula."

"Mwembamba hivi! Kwetu sato mmoja anashibisha nyumba."

"Basi ungekuja naye."

Akacheka, nami nikacheka, na kuanzia hapo tukawa dada.

Lakini sikucheka sana. Meza ya pili walikuwa wamekaa watu wa skrepa, wale wanaonunua chuma chakavu, wanaongea kwa sauti. Mmoja anasema bati la ndege linayeyuka vizuri kuliko lolote, mafundi sufuria wanaligombea, na kuna mahali kwenye msitu wa kule Inyonga pameonekana mtandaoni. Ugali ukanikwama. Nikamwambia Leokadia, "Inuka." Akasema hajamaliza. Nikamwambia migebuka ipo Inyonga pia.

Basi lilikuwa linajaza. Nyie mnajua kujaza kwa mabasi yetu. Dereva anawasha, anasogea kidogo, anarudi, anazima. Nilikuwa nashuka napanda, nashuka napanda, mpaka konda akaniambia, "Bibi, ukitembea hivyo utafika kabla yetu." Nikamjibu kwamba kwa gari lake hilo ni kweli. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshakuwa kali, na tulipoingia porini tairi likapasuka. Wakati wanabadilisha, mbung'o wakaingia madirishani, wanauma hata juu ya nguo. Leokadia alikuwa anawapiga kwa mkoba wake na kulalamika kwa Kikerewe. Kofia nilikuwa nimeifunga kwenye kitenge, nimeipakata. Kila mara alikuwa anaitazama, lakini hakuigusa hata mara moja. Nilimwuliza kama anataka ashike.

"Bado," akasema.

Getini

Inyonga tulilala kwa mtu tuliyesali naye zamani, asubuhi tukachukua pikipiki ya kijana mmoja wa Kisukuma anaitwa Masunga, mtu wa maneno mengi na breki chache. Tulipofika kwenye geti la msitu gurudumu likaisha upepo, akaenda kutafuta pampu. Tukabaki sisi wawili na askari wa geti, kijana mgeni, anatafuna muwa.

"Shikamooni. Mnakwenda wapi, bibi zangu?"

"Marahaba. Tunakwenda kuangalia mzinga wa ndege ya jeshi."

Akaacha kutafuna. "Mzinga wa nini?"

"Wa ndege ya jeshi iliyoanguka. Mume wangu aliuchukua, akautundika juu ya mti."

"Mumeo yuko wapi?"

"Ameshafariki."

"Aliuawa na huo mzinga?"

"Hapana, kifua."

"Na mzinga ni mzima mpaka leo?"

"Mzima. Shemeji yangu alipita juzijuzi akausikia unanguruma."

Akaweka muwa chini. "Iko mingapi?"

"Nitahesabuje? Mzee wangu ameutundikia msitu wote huu mizinga."

Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kibanda chake, akapiga simu. Nilimsikia: "Mkuu, kuna bibi hapa amekiri. Ndiyo, silaha nzito. Ndiyo, nyingi. Yuko na mwenzake, ana kitu cha mviringo kwenye kitenge."

Tukaambiwa tukae chini tusiguse kile kitu cha mviringo. Mimi nikawa mkali, namwambia kijana huyu ana wazimu. Leokadia akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Mama Oresta, kwani ni mzinga gani? Maana mjukuu wako aliponiambia kwenye simu kwamba mumeo alitoa mzinga kwenye ndege, na mimi nilijua ni wa kupigia. Nikasema basi hii familia ni ya waasi, lakini nitaenda hivyohivyo."

Nilicheka mpaka askari akapiga simu tena.

Sasa hapo ndipo nyie huwa mnaishia, lakini sikilizeni kilichofuata. Tukiwa tumekaa palepale chini, tunalindwa, lori likatoka msituni. Limefunikwa turubai. Dereva akatoa karatasi zake, zikaonekana sawa, akafunguliwa geti. Lilipotupita upepo uliinua pembe ya turubai, nikaona bati jeupe limepinda, lina namba kubwa iliyofutikafutika. Leokadia naye aliona. Akasimama. Askari akamwambia, "Bibi, kaa chini!" Akakaa. Lori likaenda na vumbi lake.

Sisi na kofia moja tulikuwa chini ya ulinzi. Ndege ikapita.

Alikuja mkubwa wake baadaye sana, mzee wa hukohuko Inyonga. Akauliza neno moja tu: "Mzinga wa kupigia au wa nyuki?"

"Wa nyuki," nikasema.

Masunga alikuwa amerudi. Alicheka akaikalia pampu yake. Yule kijana aliomba radhi vizuri, akatupa kipande cha muwa. Nilikikataa. Leokadia alikipokea, akakila njia nzima.

Kwa shemeji

Shemeji Kapama ni mdogo wa marehemu. Yuko kwenye kijiji cha mwisho kabla ya msitu mnene. Tulifika jua limeelemea, hapakuwa na kwenda mbele siku hiyo. Mimi nilitaka twende. Nilizunguka ile nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shemeji akaniambia, "Shem, kaa. Ndege imekaa huko miaka yote, itakukimbia leo?"

"Imeshaanza kukimbia. Nimeiona kwenye lori."

Akainamisha kichwa. Akasema watu wa skrepa walikuja na misumeno, hawakumwuliza mtu. Akasema na miguu yake siku hizi inamfikisha huko kwa shida, kupanda mti haiwezi.

Mkewe akatuandalia ugali na kisamvu cha karanga. Akautoa ugali mbele yetu kwenye sufuria kubwa, nzito, inayong'aa, akaigonga kwa mwiko kwa majivuno. "Mnaiona hii? Sufuria ya ndege hii! Haitoboki."

Leokadia akauliza, "Mnapikia kanga?"

"Kanga wa nini, dada? Ndege ile iliyoanguka. Fundi aliyeyusha bati lake. Huku kijiji kizima tunapikia hizi."

Hakujua mgeni wake ni nani. Hatukuwa tumemwambia. Shemeji akamtazama mkewe kwa jicho, mama wa watu akabaki na mwiko hewani. Leokadia alikuwa amemega tonge, limo mkononi. Alilitazama. Nilidhani ataliweka chini.

"Deusi hakuwahi kupika hata uji," akasema. "Leo amenilisha." Akala. Akala mpaka akashiba, na akaomba ukoko.

Mke wa shemeji alilia jikoni. Mimi sikulia, lakini sikulala vizuri.

Kwenye mti

Asubuhi tulitembea, shemeji mbele na fimbo yake. Tulisikia msumeno kabla ya kuona kitu.

Nyie mliotaka kujua ndege ilikuwaje, siwezi kuwaambia. Haikuwepo. Kulikuwa na uwanja wenye vipande kama maganda ya karanga, majani yamekanyagwa, alama za matairi. Mwenye kazi hiyo alikuwa mtu mnene kidogo mwenye shati safi, pamoja na mafundi wake wawili. Walikuwa wamesimama chini ya mti, wanatazama juu. Magome ya mzinga yalikuwa yameoza upande mmoja, na tangi lilikuwa linang'aa.

"Usiuguse," nikasema kabla ya salamu.

"Shikamoo, bibi. Huu ni wako?"

"Wa mume wangu. Una alama yake."

Mmoja wa mafundi alikuwa mtu wa huko, Mkonongo mwenzetu. Akasema kwa heshima, "Mama, shina nimeliangalia. Alama imemezwa na gome. Na magome ya mzinga hayajabadilishwa misimu mingi. Mzinga wa hivyo umeachwa."

Hilo ni kweli. Ndiyo sheria yetu. Alama isiyochongwa upya na mtu aliye hai inahesabika imekufa na mwenyewe. Shemeji alitazama miguu yake.

Nikamgeukia yule mwenye shati. Nikamwambia hapa waliungua watu, hivi si vyuma vya kuokota kama vya gereji, wana ndugu zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitenge changu. Kofia ilikuwa imechomoza.

"Na hiyo, bibi, imetoka wapi?"

Nikavuta kitenge, nikaifunika.

"Mimi nimekuja mwezi huu. Nyie mlianza lini? Hilo tangi mlilitoa kwa ruhusa ya nani? Mmepimia nini na hiyo kofia?"

Mnanijua. Mimi nikikosa neno watu wa Magamba huulizana kama naumwa. Nilikosa. Nilikuwa nimemkemea Neema kwa kofia, na tangi nilikuwa naliita letu. Na hata sasa sijui nimwambie nini mtu yule. Ninachojua ni kwamba kama mzee asingelitoa lile tangi na kulitundika, lingekuwa kwenye lori na mengine. Lakini hakulitoa kwa ajili hiyo. Alilitoa kwa sababu ya asali.

Leokadia hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anazunguka pale palipokuwa na ndege, anainama, anainuka. Akaja akasimama mbele yangu. "Sasa," akasema. "Nipe."

Nikafungua kitenge, nikampa kofia kwa mikono miwili. Akaingiza kidole ndani, akamtafuta samaki, akampata. Akaibeba kifuani. Halafu akamwuliza yule fundi Mkonongo, "Umesema alama ikichongwa upya na mtu aliye hai, mzinga unakuwa na mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe kisu, baba," akamwambia shemeji.

Shemeji akanitazama. Kwetu mwanamke hachongi alama. Hata mimi, mke wa mwenye mizinga, sijawahi, na Leokadia hakulijua hilo. Shemeji akafungua mdomo.

"Shem," nikamwambia, "mpe kisu, ufunge mdomo."

Akampa. Leokadia akapiga goti mbele ya shina, kofia akaiweka pembeni, akachonga. Gome lilikuwa gumu, samaki akatoka mnene na mkia umepinda. Utomvu ukatoka mwekundu. Juu nyuki walikuwa wananguruma.

Alipoinuka, yule mwenye shati akamwambia fundi, "Panda, kata kamba."

Fundi akalitazama shina. "Sipandi, bosi."

"Unaogopa nyuki?"

"Nyuki nimekua nao. Una mwenyewe huu, na amesimama hapo."

"Huyu mama si hata wa huku!"

"Alama haiulizi kabila."

Yule wa pili alikuwa tayari ameanza kufunga msumeno. Bosi wao alitukana kidogo, si sana, tulikuwa wazee. Akasema atarudi na watu wasiojua hayo mambo. Nadhani anaweza kurudi.

Kurudi

Getini yule kijana alitufungulia kabla hatujasimama. Stendi ya Mpanda nilimnunulia Leokadia migebuka mikavu akawaonyeshe Ukerewe, akasema watamcheka. Akaniuliza kama aizike kofia kwenye lile kaburi au aiweke ndani mahali anapoiona. Nikamwambia hilo si langu. Basi likajaza, likasogea, likarudi, likasogea. Alikuwa ameipakata. Nilimwuliza dirishani kama ni nzito.

"Nzito, Mama Oresta," akasema. "Ya kutosha."

Sijatulia tangu nimerudi. Upepo ukivuma upande wa Inyonga nafikiria ile kamba. Sijui kama tangi bado liko juu. Ninavyoandika hivi, nimeshawaita wote wa nyumba hii, nimewasimamisha uani, na hiki ndicho nilichowaambia.

Neema, futa ile picha, na yule wa mjini umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba kofia imekwenda kwao. Oresta, mwanao wa kiume kila msimu aende kwa babu yake Kapama, abadilishe magome, amchonge yule samaki upya, asimrekebishe mkia. Asali ya mzinga ule isirinwe, ni ya nyuki. Na asali ya mizinga mingine, kuanzia leo, hapa nyumbani mtaipima kwa kopo.